Barua Aliyoisoma Chiriku

Barua ilifika nyumbani siku ya Jumanne, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu, na Chiriku aliyeileta hakungoja hata kuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule, akaikunjua, akaisoma yote kwa sauti, kwa Kiingereza, bila kukwama hata mahali pamoja. Mama yake, aliyekuwa ametoka kazini miguu imemvimba, alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine: haelewi, lakini anajua kuwa msomaji ni hodari.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema nimefaulu, Mama. Wamenipa hongera. Kuanzia muhula ujao siendi tena kile chumba."

Mama akamshukuru Mungu, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akaiweka barua kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa na picha ya marehemu mumewe.

Chiriku si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa jina hilo na mjomba wake, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza ila akiwa amelala, na hata usingizini alikuwa na lake la kusema. Walipohamia nchi hii ya watu alikuwa na miaka tisa. Akanyamaza miezi mitatu, mama yake akadhani ameugua. Kisha Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kufikia miaka kumi na mbili alikuwa ndiye mdomo wa nyumba nzima. Aliwajibu watu wa umeme, akipanga miadi ya daktari, akibishana na mwenye nyumba kuhusu dirisha lisilofunga. Mama alisimama nyuma yake akitabasamu, kama bibi harusi asiyejua posa imefikia wapi.

Na kile chumba kilikuwa darasa la msaada wa lugha, mwisho kabisa wa korido, mlango kwa mlango na stoo ya vifaa vya michezo. Watoto waliokuja bila Kiingereza walitolewa madarasani mwao saa moja kila siku wakapelekwa huko. Wanafunzi wengine walikiita "chekechea." Chiriku alikuwa akijichelewesha msalani ili asionekane akiingia.

Mjomba mtu, dereva wa lori la kupeleka fanicha, alikuja Jumamosi na soda za kumpongeza. Yeye Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani: kushoto, kulia, weka hapa, saini hapa. Aliombwa aitazame barua. Akaitazama kwa heshima, akasema naam, ni barua ya hongera, imeandikwa hapo juu. Mambo yakaishia hapo.

Muhula mpya ulipoanza, Chiriku alianza kuumwa tumbo siku za Alhamisi. Mwanzoni mama alimpa maji ya moto na kumsugua. Baadaye akagundua tumbo hilo linajua kalenda: Alhamisi palikuwa na vipindi viwili vya sayansi mfululizo. Akamuuliza kama kuna anayemwonea. Chiriku akasema hakuna. Akamuuliza kama masomo ni magumu. Chiriku akasema ni ya kawaida, kila mtu anaona hivyohivyo. Lakini mezani alikula kimya, na kimya cha Chiriku kilitisha kuliko kelele za watoto kumi. Ripoti ya katikati ya muhula ilipokuja, yeye mwenyewe akamtafsiria mama yake maneno ya walimu. Mwanafunzi mtulivu, mwenye adabu, daftari safi.

"Mtulivu?" mama akasema. "Hawa wamechanganya watoto."

Alicheka, lakini moyoni kitu kikamchoma.

Mama Chiriku alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa bado na unyevu, wawili wakayashika pembe, wakayaingiza kwenye pasi kubwa ya mviringo, na upande wa pili yakatoka yamenyooka, ya moto kama mkate. Kazi ile haikutaka maneno. Miaka mitatu aliifanya kwa salamu, asante, samahani, na neno moja la kumwonya mwenzake kwamba chuma ni cha moto. Shuka halina lugha, alizoea kusema. Lakini mtoto wake hakumleta huku kuja kunyoosha mashuka.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mama anapiga pasi mashati ya shule, na Chiriku, kwa kuombwa, anamsomea kutoka kitabu cha sayansi. Alisoma ukurasa mzima kwa sauti tamu, akipanda na kushuka mahali panapostahili. Mama akafurahi. Alipomaliza, akamuuliza, kwa kutaka tu kuendelea kusikia sauti yake:

"Hapo pamesema nini, mwanangu?"

"Ni kuhusu mimea."

"Mimea inafanyaje?"

"Inakua."

"Ukurasa wote huo, inakua tu?"

Chiriku akaangalia kitabu. Akasema kuna mizizi, na kuna majani. Mama akaweka pasi pembeni. Akaja akakaa naye, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza akamwambia amweleze huo. Kisha wa pili. Mtoto akawa anarudia maneno yaleyale kwa Kiingereza, kila mara kwa uzuri zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Mwishowe akafunga kitabu.

Mama akasimama, akaenda kabatini, akarudi na ile barua.

"Nisomee tena hii."

Chiriku akasoma. Sauti haikuwa ile ya siku ya Jumanne.

"Na hapa katikati? Hapa panasemaje?"

"Sijui, Mama."

"Na siku ile ulijuaje?"

"Niliona wameandika hongera hapo juu." Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. "Nikadhani yaliyobaki ni ya hongera."

Hakumgombeza. Angemgombeza vipi, wakati watu wazima wawili walisimama juu ya karatasi hiyohiyo wakanywa soda? Siku hiyo hakumaliza mashati.

Kesho yake alimwomba msimamizi wake nusu siku, akaenda shuleni na barua mkononi. Karani wa mapokezi alimwonyesha kwa ishara kwamba lazima kuwe na miadi. Mama Chiriku akakaa kwenye benchi. Kengele ililia mara tatu yeye akiwa palepale, mkoba magotini, mpaka mkuu wa shule mwenyewe alipotoka akamkaribisha ndani. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye tai na macho ya kuchoka. Akapiga simu mahali, akaiweka mezani ikiwa kwenye spika, na ndani ya simu ikatoka sauti ya mwanamke anayesema Kiswahili safi. Alikuwa mkalimani. Mama aliposikia lugha yake katika ofisi ile akasogeza kiti karibu na simu.

Ndipo barua ikafunguka. Ilisema mtihani wa lugha una sehemu nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Chiriku alipata alama za juu mno katika mbili za kwanza, za chini katika mbili za mwisho, na wastani wake ukavuka mstari kwa nukta chache, hivyo hongera. Lakini mwalimu wa lugha anashauri abaki mwaka mmoja zaidi, kwa sababu kusoma kwake bado. Mzazi ana siku kumi na nne za kuomba abaki. Asipojibu, mtoto atahesabiwa ametoka.

"Mdomo umeibeba kalamu," mama akasema. Mkalimani akalitafsiri, na mkuu akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo hasa.

Akaomba mtoto arudishwe. Mkuu akaeleza kwa upole kwamba siku kumi na nne ziliisha muhula uliopita. Aliyekwisha kutoka harudishwi kwa ombi la mzazi peke yake. Lazima walimu wa masomo waandike kwamba anashindwa, kisha kikao kikae, kisha idara ikubali. Akafungua faili. Walimu wote walikuwa wamejaza fomu za kumfuatilia. Akamgeuzia azione: tiki, tiki, tiki, mpaka chini. Hakuna aliyeona tatizo. Shule ina watoto mia tisa, akasema, na wanaorusha viti ndio huonekana kwanza.

Alipotoka pale hakwenda nyumbani. Alifuata korido mpaka mwisho, akaikuta stoo ya mipira, na mlango wa pembeni yake. Mwalimu wa lugha alikuwa mwanamke wa makamo, na Kiswahili alikijua kidogo, cha kuokoteza kwa wanafunzi wake. Alipomwona akajua ni nani kabla hajaambiwa.

"Mimi nilikungoja," akasema, akitafuta kila neno. "Siku kumi na nne, nilikungoja. Nilisema barua iandikwe kwa lugha yako. Ofisi wakasema tafsiri inachelewa."

Mama Chiriku akajibu kwamba alikuwa nyumbani siku zote kumi na nne. Wakasimama wakitazamana, na nyuma yao watoto kumi na saba wa lugha tisa wakawa wanarudia kwa pamoja majina ya siku za wiki.

Mwalimu ndiye aliyepigania kikao. Ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo Alhamisi zilikuja na kwenda, na mara mbili Chiriku alitapika kabla ya kutoka nyumbani. Mama alianza kukosea kazini. Siku moja aliingiza shuka limejikunja, mashine ikasimama, na wenzake wakasimama nayo. Kichwani alikuwa akijibizana na watu wasiojua lugha yake, na humo kichwani alikuwa akishindwa kila mara.

Jioni ya kuamkia kikao walikuwa jikoni wakimenya viazi. Mama akamwambia mtoto kwamba kesho watampa ukurasa asome, kisha watamuuliza maana. Asijitahidi kupendeza. Kama hajui, aseme hajui.

"Mbele ya mwalimu wa sayansi?"

"Mbele ya wote."

"Mama, nikirudi kule wataniita chekechea tena. Nimeshasahaulika. Niache nilivyo, nitajikaza."

"Utajikazaje kwa kitu usichokiona? Mficha uchi hazai, mwanangu. Waonyeshe watu panapokuuma."

Chiriku alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

Kikao kilikaa ofisini kwa mkuu. Walikuwapo mkuu, mwalimu wa sayansi, mwalimu wa lugha, na bibi mmoja kutoka idara, mtaalamu wa mitihani, aliyekuja na begi la magurudumu. Simu ya mkalimani ililala katikati ya meza. Chiriku akapewa kitabu cha sayansi, ukurasa wa namna maji yanavyopanda ndani ya mmea. Akasoma. Mama aliwaona wote wakilegea mabega, mwalimu wa sayansi akitabasamu. Kisha akaulizwa, na akaanza kujibu.

Alijibu kwa dakika nzima, mikono ikizunguka, nyusi zikipanda. Bibi wa idara akaandika kitu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Chiriku hakuelewa neno hata moja, lakini alimzaa huyo mtoto. Alimjua anavyosema akiwa na jambo na anavyosema akiwa hana. Ndivyo alivyomsemesha mwenye nyumba kuhusu dirisha. Akaelewa kwamba mwanawe amemgeuka, kwa aibu tu, na kwamba dakika hiyo wanaipoteza, na hakuna nyingine itakayokuja.

"Amesema nini?" akaiuliza simu, akimkata mtoto kauli.

Mkalimani akasema: "Amesema ukurasa unahusu mimea, kwamba mimea ni muhimu sana kwa maisha yetu, na kwamba yeye anaipenda sayansi na mwalimu wake."

"Muulizeni maji yanapandaje."

Swali likapita kwenye simu, likatoka kwa Kiingereza, mwalimu wa sayansi akalirudia kwa upole. Chiriku akafungua mdomo. Akatazama kitabu, akamtazama mama yake kwa macho ambayo mama huyo hataki kuyakumbuka. Kisha akasema kitu kifupi, kwa sauti ndogo, na akainamisha kichwa mpaka mezani.

"Amesema," mkalimani akatafsiri, naye sauti imemshuka, "hajui maana ya nusu ya maneno haya. Amesema hajaelewa kipindi hata kimoja tangu muhula uanze."

Mama alidhani hapo ndipo watakapomhurumia. Badala yake bibi wa idara akavua miwani, akasema maneno mengi ya utulivu. Mtoto anayesoma vizuri hivi asielewe, mkalimani akaeleza, pengine ana tatizo la kujifunza. Pengine ni kichwa, si lugha. Anashauri apelekwe akapimwe, na foleni ya kupimwa ni kama miezi minane.

Mama Chiriku akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Mama mkalimani," akasema, "nakuomba kama mwanamke mwenzangu. Wao wasome kile kitabu, wewe kigeuze Kiswahili, mwanangu asikilize. Mara moja tu. Halafu wakitaka wampime kichwa, wampime."

Bibi wa idara akasema utaratibu hauna kitu kama hicho. Mkuu akatazama saa, akatazama dirishani. Lakini mwalimu wa lugha alikuwa tayari amekivuta kitabu, akaanza kusoma mstari mmoja mmoja, na kutoka kwenye simu mistari ikarudi kwa Kiswahili: kwamba mizizi ina vinyweleo vyembamba vinavyonyonya maji udongoni, kwamba ndani ya shina kuna mirija, kwamba majani hupoteza maji kwa mvuke, na maji yanayopotea juu huyavuta yaliyo chini. Chiriku aliinua kichwa taratibu. Mstari wa mwisho ulipoisha hakungoja kuulizwa.

"Kumbe yanavutwa," akasema kwa Kiswahili. "Mimi nilidhani mzizi ndio unayasukuma. Ni kama mtu anavuta kwa mrija juu huko kwenye jani. Sasa jani likikatika? Hewa haiingii, ule mvuto ukakatika? Na usiku, jua likiwa halipo, maji yanasimama palepale katikati ya mti?"

Mkalimani alitafsiri yote, hata maswali. Mwalimu wa sayansi akasema swali la hewa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza katika darasa lile. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema alijaza tiki zile kwa sababu daftari lilikuwa safi na mtoto hasumbui. Akaomba fomu nyingine.

Waliandika wote, hata bibi wa idara, ingawa yeye aliongeza ule ushauri wa kupimwa kichwa. Mkuu akampa mama mkono. Maombi yangeenda juu, idarani, na majibu yangerudi baada ya wiki sita au saba.

Katika wiki ya nne ukafika mtihani wa kuwapanga wanafunzi makundi kwa ajili ya shule ya sekondari. Mama alikwenda tena kwenye lile benchi, akauliza kama Chiriku anaweza kungoja, au kusomewa maswali. Akajibiwa kwamba msaada huo ni wa walio katika mpango wa lugha, na kwenye karatasi Chiriku bado hayumo. Mjomba alikuja naye siku hiyo, akajaribu kuwaeleza kwa Kiingereza chake cha kushoto na kulia mpaka jasho likamtoka, kisha akatoka nje akasimama kando ya lori lake akijifuta uso kwa kofia. Chiriku akafanya mtihani kama wengine.

Ruhusa ya kumrudisha ilikuja wiki ya saba. Matokeo yakaja wiki ya nane. Aliwekwa kundi la chini, ambalo sayansi yake ni kipindi kimoja kwa wiki, na wanaoanzia humo ni wachache wanaotoka. Mama aliuliza kama kikao kinaweza kukaa kwa hilo nalo. Mkuu akasema anaweza kuandika malalamiko, na akampa fomu, na safari hii akaambatisha karatasi ya Kiswahili. Mama akaijaza kwenye benchi hilohilo la mapokezi, kwa herufi kubwa, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Mpaka leo haijajibiwa.

Siku ya kwanza ya kurudi kwenye chumba cha mwisho wa korido, Chiriku alimkataza mama yake asimsindikize zaidi ya geti. Nyumbani alikuwa amekaa siku tisa akimjibu kwa ndiyo na hapana. Mama akamtazama akivuka uwanja, mkoba begani, hatua za mtu mzima. Wasichana wawili wakamwambia kitu wakacheka. Hakugeuka. Mama akaenda kazini, akachelewa, akaandikwa kuwa amechelewa, akashika pembe za shuka la kwanza.

Alasiri alimkuta mtoto ameketi ngazini nje ya nyumba, anamngoja. Akakaa kando yake, maana miguu haikumtaka tena.

"Nimemuuliza mwalimu wa lugha itachukua muda gani," Chiriku akasema. "Kusoma kama wenzangu. Kusoma na kuelewa."

"Akasemaje?"

"Miaka miwili. Labda mitatu. Amesema hakuna njia ya mkato, na kwamba tulipoteza karibu nusu mwaka."

"Wewe umemuuliza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na ukamwelewa?"

"Nimemwelewa, Mama. Kila neno."

Mama Chiriku alihesabu kwa vidole juu ya goti. Kumi na tano. Akitimiza miaka kumi na tano, makundi yatakuwa yameshapangwa tena, mara mbili. Akamvuta mtoto ubavuni kwake. Chiriku hakumkumbatia, lakini hakujitoa, na wakakaa hivyo mpaka jirani wa juu akaja na mifuko yake, nao wakasogea kumpisha.